Benchi la Altrasaundi

Akina mama wenzangu, mniwie radhi, nitasema nikiwa nimesimama. Nikikaa nitalia kabla sijafika popote.

Ilikuwa miaka ile soko huria limeanza, watu binafsi wanafungua hospitali, na sisi hapa Tukuyu tukapata mashine ya altrasaundi. Tuliijua kama kipimo cha wajawazito tu. Mimi nilikuwa na mimba ya kwanza, nimerudi kwetu Kiwira kusubiri kujifungua. Mtoto akawa amekaa vibaya, nikatumwa kupimwa.

Niko kwenye benchi nangoja kuitwa, namwona baba mkwe wangu anaingia na karatasi mkononi. Ametoka Lufingo, kule nilikoolewa, peke yake. Ninyi mabinti mnaokula meza moja na wakwe zenu mtacheka, lakini kwetu Wanyakyusa wakati ule mke wa mwana hamtazami baba mkwe wala hasemi naye. Wakikutana njiani, mke ndiye anaingia migombani. Nilijifunika kanga nikageukia ukutani. Nilipochungulia, mzee alikuwa ameshaondoka.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli: nilishukuru. Nikaitwa, nikapakwa yale mafuta ya baridi, nikamwona mwanangu anapiga mateke kwenye kioo. Nilicheka siku hiyo.

Baadaye mume wangu akaja kunisalimia. Akasema baba ana uvimbe chini ya mbavu na anakojoa damu, alitumwa kupimwa, akakuta mashine mbovu. Mashine mbovu! Mimi peke yangu nilijua si kweli, kwamba aliondoka kwa kuniona mimi pale, nikafunga mdomo. Niseme nilimwona wapi? Niliona aibu, basi. Nikajifungua, nikarudi Lufingo na mtoto mgongoni, miezi imepita, bado sijasema. Mpaka nilipomsikia mzee analia kwa maumivu upande wa pili wa ua, ndipo nikamwambia mume wangu kila kitu.

Kesho yake akampeleka. Daktari akawaonyesha kwenye kioo bonge kwenye figo, na vivimbe vingine kwenye ini. Wakatoa kinyama kwa sindano kikapimwe, jibu likawa saratani. Daktari akasema huenda mwanzoni ilikuwa kwenye figo peke yake, na mtu hukatwa figo moja akaishi. Sasa ilikuwa imetembea.

Siku zake za mwisho mzee aliniita. Nikasimama nje ya dirisha, nimempa mgongo.

"Mwanangu," akasema, "uliniheshimu, na mimi nikakuheshimu. Tumekosea wote wawili."

Nikainamisha kichwa, nikarudi jikoni.

Baada ya mazishi sikutaka hata kumshika mtoto. Mume wangu hakunilaumu hata siku moja, na hilo lilinitesa zaidi. Ninyi mkaja, mkanichotea maji, mkamwogesha mtoto, hamkuuliza kitu. Mmoja wenu akakaa nami jikoni mpaka nikayasema yote, na jioni ile nikala. Ndaga fijo, mama zangu. Asanteni sana.

Sijapona kabisa, nisiwadanganye. Lakini kipimo kile si cha mimba tu. Kinaona uvimbe ungali mdogo, bado unatibika. Mkimkuta mkwe wenu pale, jifunikeni, geukieni ukuta, heshima siikatazi. Ila mdomo ufunguke. Semeni, "Baba, ingia wewe kwanza."