Tebo ya Nane ya Mwalimu Felista Boke

Wazee wetu shikamooni, mchungaji, walimu, majirani wa Kewanja, na ninyi mliovuka kutoka upande wa Isebania kuja kutufuta machozi, mimi naitwa Sospeter Machage, ni mdogo wake marehemu wa kumfuata, wengi mnanijua kwa kazi yangu ya kutoa mizigo forodhani Sirari, na nimesimama hapa kwa niaba ya familia kwa sababu mume wa marehemu, shemeji yangu Emanueli, alijaribu jana kuisoma historia hii akashindwa kuuvuka mstari wa kwanza. Naomba mnivumilie, maana hata mimi nikilitamka neno marehemu naona kama namsema mtu mwingine, na ninyi mnajua kwamba sisi watu wa huku hatujui kuzungusha maneno, kwa hiyo nitakaposema jambo gumu nitalisema lilivyo.

Mwalimu Felista Boke Machage alizaliwa tarehe 14 Machi 1976 katika kijiji cha Susuni, wilaya ya Tarime, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Machage Nyamhanga, aliyetangulia mbele za haki tarehe 30 Julai 2011, na mama yetu Agustina Robi, ambaye amekaa pale kwenye mkeka, na ambaye tangu Jumanne hajauliza lingine ila kwa nini mtoto ameondoka kabla yake.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1984 hapo hapo Susuni, akawa mtoto mwepesi wa kusoma na kuandika, lakini alipofika darasa la tatu jedwali la kuzidisha, hili ambalo watoto wetu huliita tebo, lilimtoa jasho, hasa ile ya saba, akawa anarudi nyumbani amenuna hataki hata chakula. Mama yetu hakuingia darasani hata siku moja, hesabu yake ni ya Kikurya na haina kuzidisha, lakini alimwambia aje akaririe pembeni yake wakati yeye anasaga ulezi kwenye jiwe, na mama akisaga hufumba macho kukwepa vumbi la unga, basi Felista anaimba tebo na jiwe linakwenda, sauti ikiyumba kidogo tu jiwe linasimama. Mama hakujua jibu sahihi ni lipi, alijua tu kwamba mtoto anayebahatisha sauti yake humgeuka, na kwa njia hiyo dada yangu aliishika tebo yote mpaka ya kumi na mbili, akatufundisha na sisi wadogo zake kwa ukali ambao mimi bado nausikia masikioni.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1990, akasoma sekondari Tarime mjini kuanzia 1991 hadi 1994, kisha akasomea ualimu na kuhitimu mwaka 1997, na tarehe 2 Februari 1998 akaripoti kazini katika shule ya msingi karibu na Mugumu, wilaya ya Serengeti, alikofundisha mpaka mwisho wa mwaka 2002. Januari 2003 alihamishiwa hapa Kewanja, akapewa hesabu za darasa la tatu, na kila mwalimu mkuu aliyetaka kumpandisha madarasa ya juu alikutana na upinzani ambao waliokuwapo wanaukumbuka, kwa sababu alisema mtoto aliyevuka darasa la tatu bila tebo ni nyumba iliyopauliwa bila kuta.

Utaratibu wake nauelezea kwa makini, na mtaona kwa nini. Fimbo alikuwa nayo, tusidanganyane, lakini ilikuwa ya kuonyeshea ubaoni. Alikuwa akikaa kwenye kiti, anaegemeza shavu mkononi, anafumba macho kama mama pale jiweni, na darasa zima linaanza kuimba, akifungua macho maana yake kuna aliyekosea na mnarudi mwanzo, asipofungua maana yake mko sawasawa, endeleeni na tebo inayofuata. Tena alikuwa na mitego yake, mara ataangusha chaki, mara atagonga meza, apime kama kuna atakayepotea, na watoto walijua kwamba mwalimu akileta vituko dawa yake ni kuongeza sauti.

Ndoa yake nayo ilitoka humo humo kwenye tebo. Mwezi Mei 2003 aliletwa shuleni mtoto aitwaye Nelson, amekuja kutoka Geita na mjomba wake aliyekuwa akitafuta dhahabu machimboni, na mtoto yule aliposikia wenzake wanaimba saba mara nane, alisimama kwa adabu akauliza kwamba kwa kuwa amehamia mkoa wa Mara ataimba saba Mara nane bila shida, lakini likizo akirudi kwao itabidi aimbe saba Geita nane au vipi. Darasa lilivunjika mbavu, na mjomba alipopata habari alidhani mtoto amemtukana mwalimu, akaja kesho yake amevaa shati la Jumapili kuomba radhi, na mjomba huyo ndiye Emanueli Lushinge, ambaye baada ya hapo alikuwa na sababu nyingi za kufika shuleni ambazo Nelson hakuzijua. Baba yetu alisitasita kumwoza binti kwa mtu wa mbali, lakini alipoona ng'ombe wa mahari alisema kumbe hata wa Geita wana mikia, na ndoa ikafungwa kanisani Tarime mjini tarehe 8 Oktoba 2005.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Beatrice, aliyezaliwa tarehe 19 Agosti 2006 na ambaye yuko chuo cha uuguzi, na Oswaldi, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 2011, yuko kidato cha pili.

Kuhusu ugonjwa, marehemu aligundulika na presha mwezi Septemba 2021, akawa anahudhuria kliniki na kumeza dawa, hakuwahi kulazwa, na Jumapili iliyopita aliimba kwaya hapa kanisani na ninyi wote mlimwona, kwa hiyo anayesema alikuwa mgonjwa wa siku nyingi namwomba anyamaze. Jumanne tarehe 13 Mei 2025 asubuhi aliingia darasani, akakaa, akafumba macho, na darasa la tatu likaanza tebo ya nane. Katikati ya tebo hiyo chaki ilimwanguka mkononi, watoto wakatazamana wakacheka kimoyomoyo wakajua mtego umeanza, na kiranja wao Nora, binti wa jirani yetu Evelina, akafanya alivyofundishwa, akapandisha sauti na wenzake wakamfuata. Macho hayakufunguka. Wakaenda ya tisa, wakaenda ya kumi, wakafika ya kumi na mbili ambayo hawajawahi kuifikia bila kurudishwa, na walifurahi, ndugu zangu, walifurahi kwamba leo mwalimu hajapata kosa, mpaka kengele ya uji ilipolia na Mwalimu Jenipha wa darasa la jirani akaingia kuwapongeza, akamgusa bega mwenzake.

Tumeduwaa. Mimi nilipopokea simu Sirari nilimfokea aliyepiga kwamba asinitanie.

Sasa jambo gumu ni hili, kwamba kuna maneno yanayozunguka kisimani na machimboni eti watoto wale walimwimbia mwalimu mpaka akafa, eti wangenyamaza angepona, wengine wanataka watafutiwe wa kuwatakasa, na Nora hajala chakula cha maana tangu siku hiyo, anamwambia mama yake kwamba yeye ndiye aliyeiona chaki. Daktari Abednego, aliyempokea marehemu, ametuambia familia, na ameturuhusu tuseme hadharani, kwamba mshipa ulipasuka kichwani, kwamba aliondoka pale pale, na kwamba hata angekuwa amekaa mlangoni mwa hospitali isingesaidia kitu. Aibu kwetu sisi watu wazima kumtwisha mtoto wa miaka tisa kifo, na atakayelirudia neno hilo baada ya leo ajue anabishana na ukoo wa Machage.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, inawashukuru walimu wenzake ambao hawajalala kwao tangu Jumanne, majirani waliopika na kuteka maji, na wachimbaji waliotoka kwenye maduara yao, yale mashimo ya dhahabu, wakaja kuchimba kaburi na kukataa hata soda.

Kwa desturi ndugu wa damu ndio wanaotangulia kuweka udongo, lakini Emanueli ameomba, na mama yetu amekubali, kwamba watoto wa darasa la tatu waliosimama kule nyuma ya uzio kwa sababu wazazi wao wanaogopa macho ya watu, waje mbele, watangulie wao, na Nora awe wa kwanza, nasi tutamsubiri hata akichelewa.

Dada yangu, ulifumba macho ukiwasikiliza, na hawakukosea. Pumzika kwa amani.