Mkono wa Kulia wa Anti Araba

Tarehe 31 Julai, baada ya miaka thelathini na minne ya kuwachoma watu sindano, Bi. Araba Essilfie anastaafu. Wagonjwa wa hospitali ya Sekondi wanashusha pumzi. Sisi aliotufundisha kutoa damu hatujui tucheke au tulie, basi tunafanya yote mawili.

Anti Araba alipopewa darasa, aliukuta mkono wa plastiki wa kujifunzia. Akaufungia kabatini. “Plastiki haisemi uwii,” alisema. Tangu hapo kila mwanafunzi alianza na mkono wake yeye, wa kushoto, kabla ya kumgusa mgonjwa. Ukipapasa sana ulikuwa unaulizwa: “We, unatafuta mshipa au unachimba kisima?”

Mwandishi wa wasifu huu, Ekow Baisie, alikosa mshipa mara tatu. Kwa kanuni za idara, hapo ni kwaheri. Barua ya kumrudisha nyumbani ilishachapwa, na mama yake alishalitangazia kanisa zima kwamba mwanawe ni daktari. Ekow alilia mpaka kamasi zikamtoka, tuseme ukweli.

Anti Araba aliutazama mkono wake wa kushoto. Wanafunzi mia mbili walishapita hapo, na mishipa ilikuwa migumu kama kamba. Akapandisha gauni na kuutoa mkono wa kulia, ambao hakuna mwanafunzi aliyewahi kuugusa.

“Huu nimeuweka kwa siku nitakayougua mwenyewe,” alimwambia. “Uharibu uone.”

Ekow akachoma. Damu ikaja! Kwa furaha akasahau kufungua mpira uliobana mkono, akachomoa sindano, na damu ikarukia gauni jeupe alilovaa Anti kwa ajili ya harusi ya mpwa wake mchana huo. Anti akalitazama gauni, akakitazama kichupa cha damu.

“Kimejaa,” akamwambia mkuu wa idara, aliyekuwa amesimama pembeni na barua yake. “Ichane hiyo barua. Na wewe Ekow, utanifulia.”

Alifua mara nne, doa likagoma. Harusini Anti alijifunga kitenge cha kuazima, akacheza kuliko bibi harusi.

Sasa darasa amemwachia Ekow. Jumatatu iliyopita alipandisha mkono wa shati mbele ya wanafunzi wapya, wa kushoto, akawaambia wachome.

Anti Araba, asante sana. Tunakutakia maisha mema huko Shama unakohamia, samaki wabichi na usingizi wa mchana. Ukiugua, Mungu apishe mbali, usiende kwa wageni. Njoo kwetu, mishipa yako tunaijua.