Chupa ya Bahari Benchini Manyoni

Benchi la Mzee Samweli, muuza kahawa, lilikuwa mkabala na stesheni ya Manyoni. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kizungu, aliwahi kuamuru liondolewe; likaondolewa, kesho yake likarudi. Jumapili ile lilijaa, kwani Naftali, kibarua wa reli, alikuwa ametoka kuitembelea Dar es Salaam kwa tikiti ya likizo. Kabla hajaondoka, Dina, mke wa rafiki yake Gasto, alimwomba jambo moja: apite bandarini amuulizie mumewe, aliyekwenda kupakia magunia miaka minne iliyopita, na mwaka wa pili huu hata barua haiji. Naftali aliitikia kwa moyo mweupe. Siku ile moja ya matembezi ikapita, wala hakumuulizia. Sasa alikuwa akiongea mfululizo ili asipatikane mtu wa kumkumbusha.

— Nimetembea kwa miguu toka Kariakoo mpaka kwenye yule askari wa shaba mwenye bunduki, alisema.

— Yule namfahamu, alisema Laurenti, ambaye kwa kuwa aliwahi kuwa jeshini walimwita Koplo. Tulilala hema moja.

— Ni sanamu, Koplo.

— Siku hizi, ndiyo. Zamani alikuwa mtu wa Tabora, mkorofi sana.

Naftali akatoa chupa mfukoni.

— Na hii ndiyo bahari. Nimeichota mwenyewe ndani ya pantoni, tukivuka kwenda Kigamboni.

Ignas akaonja. Alikuwa amefika darasa la nne, wakamwita Mwalimu.

— Haya ni maji ya Kindai. Mimi nimekulia Singida, ziwa lile nalijua kwa ulimi.

— Ni bahari, Mwalimu.

— Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kila masika chumvi yetu inateremka kidogo kidogo mpaka pwani. Kwa hiyo umesafiri siku mbili kutuletea maji yetu.

— Haiteremki, alisema Koplo. Inapelekwa na treni. Mbona mabehewa ya usiku yanafungwa turubai? Mwingereza anaikoleza bahari ili meli zielee.

— Na hiyo pantoni inakwendaje? aliuliza Mwalimu.

— Kwa injini, alisema Naftali. Unakaa tu, ng'ambo inakuja.

— Umesikia? Koplo alimgeukia Mwalimu. Ng'ambo ndiyo inayokuja. Wanaivuta kwa kamba.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, Mwalimu aliafiki.

Naftali alicheka kuliko wote. Moyoni alikuwa anaona haya. Alifika kwenye lango la bandari asubuhi, akaona watu wanakimbilia pantoni, akasema nikirudi nitauliza. Aliporudi akatamani kuvuka tena. Upepo ule ulikuwa mtamu, na katika maisha yake yote hakuwahi kukaa mahali bila mnyapara kumwita. Mara ya tatu ilipokwisha, saa ya treni ilikuwa imefika.

Dina akatokea upande wa kanisani, kitabu cha nyimbo mkononi.

— Shikamoo, Mzee Samweli.

— Marahaba, mwanangu. Karibu kahawa.

— Ahsante, sikai. Shemeji Naftali, pole na safari.

— Nimeshapoa, shemeji. Hebu onja bahari.

Dina aliipokea chupa, akaitazama, akaiweka benchini bila kuifungua.

— Kule bandarini ulimuuliza nani?

Koplo akainamia kikombe chake. Mzee Samweli akainamisha birika. Yakatoka matone mawili na machicha. Dina alisubiri kwa adabu, kama anayesubiri jina la mtu asiyemjua vizuri.

— Nilipanda pantoni mara tatu, shemeji, Naftali alisema.

Dina aliitikia kwa kichwa. Akamuaga Mzee Samweli, akashika njia ya kwake. Chupa ilibaki pale benchini, na hakuna aliyeionja tena.