Ataongea na Nani

Ilianza Jumatano, saa kumi na moja na robo jioni, kwenye benchi lililo ubavuni mwa duka la vipuri. Binti wa maabara alikuwa ametoka kazini hoi, vidole bado vinanuka spiriti, akamwambia mjomba wake, fundi cherehani, kwamba kesho asubuhi lazima ateue lugha moja: Kijerumani, Kichina au Kireno. Chuo chake kingemfundisha lugha hiyo mwaka mzima, kisha kimpeleke kwenye maabara inakozungumzwa. Akikosea, hakuna kubadilisha. Wiki nzima hakulala vizuri. Mjomba, badala ya kujibu, akamsogezea nafasi na kuwatupia wenzake suala lile. Benchi hilo lina desturi yake: aliyekata shauri huinamisha kikombe mdomo chini, na Mama Birika, muuza kahawa, hamwongezei tena. Ndiyo maana pale jambo haliishi upesi.

— Kijerumani, alisema Gesi, fundi wa majokofu. Mjerumani akikaza skrubu, hata shetani hailegezi.

— Kwani huyu anakwenda kulegeza skrubu? aliuliza Mstaafu, aliyekuwa karani wa reli.

— Anakwenda kuangalia ugonjwa wa mihogo, alisema mjomba.

— Basi Gesi, kama umeamua, inamisha kikombe.

— Ngoja kwanza. Mama, niongezee kidogo. Bado nafikiria.

Mstaafu naye akasogeza chake.

— Mimi nasema Kichina. Darubini zote siku hizi zinatoka huko. Ikiharibika, utasoma maelezo yake kwa Kijerumani?

— Maelezo yana picha, mzee.

— Nani kachora hizo picha? Nazo ni Kichina.

Binti alipokea kikombe chake, akakishika bila kunywa.

— Tena sikilizeni, alisema Gesi. Virusi wenyewe wana lugha. Hawa wa zamani wamezoea Kijerumani, wamesomwa kwa Kijerumani tangu enzi. Ukiwasemesha Kichina wanashtuka, wanajificha ndani ya jani.

— Si ndiyo dawa hiyo? Wakijificha, muhogo unapona.

— Unapona wapi? Humo ndani ya jani ndimo wanamozaliana.

— Nani kakwambia?

— Mama, niongezee.

— Na Kireno? binti aliuliza polepole.

— Kireno cha nini, Dokta? alidakia Gesi. Cha kuimbia?

— Kuna mama mmoja wa maabara ya mihogo huko ng'ambo, anazungumza Kireno. Niliwaandikia watu wa lugha zote tatu kuhusu madoa ya majani yangu. Yeye peke yake ndiye aliyejibu. Akaniuliza kama madoa nayaona na upande wa chini wa jani.

— Huyo hana kazi, alisema Gesi. Wakubwa hawajibu.

Hata binti, usiku akigeukageuka kitandani, alikuwa amejiambia hivyohivyo.

Mama Birika akatikisa birika lake.

— Imekwisha. Inamisheni, nikaoshe vyombo.

Gesi akainamisha kwa Kijerumani, Mstaafu kwa Kichina. Mjomba akafuata Kijerumani, kwa kuwa alikuwa amekaa karibu na Gesi. Kikombe cha binti kilibaki wima, kahawa imepoa ndani.

Hapo mke wa Mstaafu akafika kumchukua mumewe. Akasimama, akasimuliwa kisa chote, akamtazama binti.

— Na huyu mtoto, akishaijua hiyo lugha, ataongea na nani huko?

Mstaafu akaanza kutafuta fimbo yake, ingawa ilikuwa mkononi. Mjomba alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena.

— Twende, mume wangu. Chakula kinapoa.

Asubuhi yake binti alikwenda ofisini chuoni, akateua Kireno. Alipotoka akapitia benchini. Hapakuwa na mtu ila Mama Birika, anapuliza makaa. Binti akachukua kikombe kikavu, akakiinamisha pale alipokaa jana.

— Hujanywa hata tone, mwanangu.

— Najua, mama.