Mzee Getzel Brodkin na Mlango wa Kansas

Tarehe 31 Machi 1948, Bwana Getzel Brodkin, fundi seremala mkuu wa studio yetu ya filamu hapa Los Angeles, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Ametujengea makanisa, magereza na kasri za wafalme, zote za upande wa mbele tu. Yeye mwenyewe muda wote huo amekuwa mpangaji kule Boyle Heights, na mkewe, Bibi Pesha, hakuchoka kumkumbusha.

Alikuja kutoka Vitebsk, kule Urusi, na randa ya baba yake na ulimi usiojua kunyamaza. Randa imechakaa, ulimi bado mkali.

Sisi wa zamani tunamkumbuka zaidi kwa nyumba ya Kansas. Mwaka 1921 alilala ndani ya nyumba hiyo ya maigizo siku kadhaa akimalizia ngazi, na kwa mazoea akapigilia mezuza, kile kijaluba chetu sisi Wayahudi cha maandiko matakatifu, kwenye mwimo wa mlango. Akasahau kuibandua, na picha zikapigwa. Mwenye studio, Bwana Lustgarten, hakutaka chochote cha kule tulikotoka kionekane kwenye filamu zake, na alishamfukuza mchoraji mmoja kwa kosa dogo zaidi. Bibi Pesha alikuwa mjamzito. Tulipokaa gizani kuitazama filamu, moyo ulinidunda kwa ajili yao.

Kwenye filamu, mkulima akaingia kwa mlango ule wenye mezuza. Nikamwona Bwana Lustgarten, aliyekaa mbele yangu, akinyoosha mkono hewani, kisha akavirudisha vidole mdomoni na kuvibusu, kama alivyozoea utotoni kila alipopita penye mezuza. Aliposhtuka, akajifanya anakuna masharubu.

"Nani kaweka kile kitu?" akauliza taa zilipowashwa.

"Mimi, bwana," Getzel akajibu. "Nyumba isiyo na mezuza silali."

"Sasa mkulima wa Kansas kaipata wapi?"

"Labda kaoa kwetu, bwana."

Hatukuthubutu kucheka mpaka bosi alipocheka. Filamu ikaachwa ilivyo, na mezuza ikaamriwa ipakwe rangi ya mlango, isibanduliwe. Tangu hapo, filamu baada ya filamu, mlango ule umekuwa wa hakimu, wa jambazi, hata wa padri.

Sasa Getzel amejijengea nyumba ya kuta nne. Badala ya saa ya dhahabu ya kustaafu, ameomba mlango ule na miimo yake. Bwana Lustgarten amekubali kwa sharti moja: rangi iliyoifunika mezuza ikwanguliwe, na mgeni wa kwanza kuupita awe yeye.

Asante kwa yote, Mzee Getzel. Wewe na Bibi Pesha mkae kwenu kwa raha, na sisi tutakuja nyuma ya bosi.