Nilivyoajiriwa Urubani wa Ndege Isiyoruka

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni, asalaam alaykum. Nimeombwa niseme, nami nitasema kama ilivyokuwa. Majina sitataja. Mkimtambua mtu, nyamazeni naye.

Mimi ni yule kijana wa Nguvumali aliyesomea urubani. Nilipopata leseni nilirudi Tanga nikidhani mashirika ya ndege yatanigombania. Kumbe kila shirika linataka rubani aliyekwisharuka saa nyingi, na saa hizo huzipati mpaka uajiriwe. Nikakaa nyumbani. Nikienda dukani naulizwa, "Rubani, ndege umeiegesha wapi?" Nacheka nao, lakini moyoni inachoma.

Siku moja akanipigia mtu anayesema Kiswahili safi. Kuna shirika jipya huko Uarabuni, akasema, linatafuta marubani wasaidizi wasio na uzoefu. Watatufundisha wenyewe, na tiketi watatuma wao. Hela hakuomba. Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo nilipolegea. Sisi tumezoea kwamba tapeli ni yule anayeomba hela. Asiyeomba tunamwona malaika.

Mama hakulegea. Alikuwa anakuna nazi, akasimamisha mkono.

"Huyo mtu kwao wapi?"

"Sijamuuliza."

"Yeye anajua mpaka chuo ulichosoma, wewe hujui hata kwao?"

"Mama, wewe kila kitu unakishuku."

"Nakishuku, ndiyo. Sasa sikiliza. Mambo yakiharibika huko, usiniambie kwenye simu kwamba yameharibika. Niulize kama nazi za Mwera zimeanguliwa."

Nikacheka. Sisi huko Mwera hatuna hata mnazi mmoja.

Nikaondoka. Kule nilipokewa na yule yule wa kwenye simu, akajiita msimamizi. Pasi yangu akaichukua, eti ya kuombea kibali cha kazi. Simu nayo akaichukua, eti kampuni ina siri zake. Tukawekwa kwenye nyumba moja na marubani wengine wapya, kila mmoja na nchi yake. Mafunzo yataanza wiki ijayo. Wiki ikija, inakuwa ijayo tena. Nyumbani tulipiga kwa simu yake yeye, sauti imefunguliwa, mwenyewe amekaa pembeni anatabasamu. Mara ya kwanza nilimwambia Mama niko salama, na Ijumaa tunapelekwa kuswali msikiti mkubwa ulio karibu na uwanja wa ndege. Sikujua kama maneno hayo yangekuja kunifaa.

Mkikaa hivyo, mnaanza kutazamana. Chumba nililala na kijana wa Ngazija. Alikuwa na maswali mengi mno: nimesoma wapi, nimeongea nini na msimamizi. Nikajua huyu ndiye sikio lao, nikawa namjibu nusu nusu. Baadaye aliniambia kwamba naye alinidhania hivyo hivyo, kwa kuwa mimi na msimamizi tulisemezana Kiswahili.

Hatimaye nikapelekwa kuiona ndege. Nilivishwa sare, na begani ikawa na mistari ya kepteni. Mimi, rubani msaidizi ambaye sijaanza hata kazi, nimevishwa ukepteni! Ndege yenyewe imeegeshwa mwisho kabisa wa uwanja. Nikaanza kuizunguka kuikagua, kama tulivyofundishwa kabla ya kuruka. Matairi yamelala upande mmoja. Majani yameota kuyazunguka. Nikachungulia kwenye injini nikakuta kiota cha ndege, ndege wa manyoya, na makinda yake.

"Usiguse!" msimamizi akapiga kelele. "Simama hapo mbele, nikurekodi. Waambie vijana wa kwenu waje. Sema umeshaanza kuruka."

"Lakini sijaruka."

"Utaruka. Ukimaliza kusema, kesho pasi yako unayo mkononi."

Jamani! Nilielewa kwamba mimi nililetwa pale kuwa chambo. Niliyemwona kichwani ni mdogo wangu, na watoto wa majirani walionisindikiza stendi, wananitazama kwenye simu zao na kuamini. Nikakohoa. Nikamwambia koo limekauka, sauti haitoki, anipe siku mbili tatu. Alinitazama sana. Sijui kama aliamini.

Zamu yangu ya kupiga simu ilipofika, msimamizi akakaa karibu kuliko siku zote. Nikamsalimia Mama, nikauliza habari za nyumbani, kisha nikasema, "Mama, nazi za Mwera mmeshaangua?"

Msimamizi akaisogelea simu.

"Bado, mwanangu," akasema, na sauti haikutetereka hata kidogo. "Mkwezi anakuja Ijumaa."

Ijumaa tukaenda kuswali, dereva wao akabaki langoni kama kawaida. Baada ya swala akanikaribia mzee mmoja mnene, kanzu yake inameta, hata kiti asingeweza kukipanda. Nikamshuku. Nikasogea, naye akasogea. Akaniinamia sikioni, Kiswahili chake cha Tanga hii hii:

"Mimi ndiye mkwezi."

Nikamgeukia yule Mngazija. Mpaka dakika ile sikuwa na hakika naye, lakini kumwacha nilishindwa. Nikamshika mkono, tukatoka watatu kwa mlango wa nyuma. Garini mwa mzee, Mngazija alilia kama mtoto, ndipo nilipomwamini.

Mzee alitupeleka polisi. Kampuni ile haikuwa na kibali cha kurusha chochote. Vijana wakishafika na kuishiwa pa kwenda, walikuwa wakipelekwa kubeba mizigo kwenye maghala. Pasi zilipatikana, wenzetu wakatolewa. Msimamizi alikwishatoweka, na mpaka leo sijui kwao wapi.

Nikarudi Tanga. Msidhani nilirudi nikiwa mzima. Nilijifungia ndani, kila simu inayolia naiona mtego. Ikaja nafasi nyingine, nchi nyingine, nikaikataa kabla sijaisoma vizuri. Mama ndiye aliyenifokea.

"Nilikufundisha kushuku, sikukufundisha kukimbia. Uliza!"

Nikauliza. Nilipiga kwa mamlaka ya anga ya nchi ile, nikawatafuta marubani walioko kazini, nikawasumbua mpaka wakanichoka. Kila jibu likakubaliana na jingine. Nikaenda, na safari hii mafunzo yalianza siku waliyoitaja. Leo ni rubani msaidizi, nimekuja likizo.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama mmoja wa Chumbageni, yumo humu ndani na amejifunika uso kwa mtandio asitajwe. Mama yangu alimkimbilia siku ile ile niliyouliza nazi, naye akampigia kaka yake anayeishi kule na kumtumia picha yangu. Huyo ndiye mkwezi wangu. Na Mama, ahsante.

Ninalowaomba ni hili: mtoto akipata kazi ng'ambo, msione haya kuuliza eti mtaambiwa mna wivu. Mwenye kazi ya kweli hachukii kuulizwa.

Na wewe kijana uliyeninong'oneza hapo nje kwamba umepigiwa simu na unaondoka karibuni, usifunge begi bado. Njoo nyumbani kesho, tuipige namba hiyo pamoja, na Mama akae hapo hapo amuulize maswali yake. Akikata simu, tutakuwa tumeshamjua.