Bi. Devota Mazengo na Kioo Chenye Giza Pembeni

Jumamosi tarehe 30 Juni 2001, Bi. Devota Mazengo, Msahihishaji Mkuu wa kiwanda chetu cha uchapaji hapa Dodoma, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini, miezi kumi na siku ishirini na saba. Rasimu ya kwanza ya wasifu huu ilisema miaka thelathini na moja. Ilivyorekebishwa nitaeleza huko mbele. Anaondoka akiwa na miaka hamsini na mitatu, miaka saba kabla ya wakati wake, kwa sababu macho yamemwacha. La kulia halioni kabisa. La kushoto linaona kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Kamati ya sherehe iliniomba niandike kitu cha kuchangamsha, na nitajitahidi, lakini kamati ilijua inamwomba nani. Mimi ni Abbasi, fundi wa mashine, na katika habari ya macho hayo nina sehemu yangu.

Aliingia kazini Jumatatu tarehe 3 Agosti 1970, binti wa miaka ishirini na miwili kutoka Mvumi, akapewa kazi ya kupanga herufi za risasi, moja moja, kinyumenyume. Vidole vilikuwa vyeusi hadi Jumapili, na anasema kanisani alikuwa akiificha mikono chini ya kitabu cha nyimbo. Mwaka 1976 akapandishwa kuwa msahihishaji. Tangu siku hiyo hakuna ukurasa uliopanda mtamboni bila kupita kwake na kutiwa herufi mbili, D.M., kwa penseli ya bluu kwenye kona ya chini. Kadi ya msiba, daftari la shule, mabango ya mnada wa Kibaigwa, vyote vilisubiri ile penseli.

Wazee wa kiwanda wanalikumbuka sakata la kadi za harusi la mwaka 1984. Kadi zilikuwa zimeshatiwa D.M. na mtambo umeshatoa mia mbili, Devota alipogutuka akapiga kelele usimamishwe. Jina la bwana harusi lilikuwa sahihi kwa herufi zote, ila lilikuwa jina la kaka yake, ambaye alikuwa na mke na watoto wanne. Meneja wa enzi hizo alifoka kwamba msahihishaji kazi yake ni herufi, si ndoa za watu. Jioni baba wa bibi harusi akaja na mbuzi. Tangu hapo ikawa sheria, ijapokuwa haikuandikwa popote: Devota akisema kuna kosa, kosa lipo, usibishe, litafute. Niombe msomaji aishike sheria hiyo, maana ndiyo iliyotuponza.

Halafu likaja soko huria. Mwaka 1997 kiwanda kikauzwa, na wafanyakazi mia moja arobaini na wawili wakabaki thelathini na tisa. Orodha ilibandikwa ukutani pale kantini, watu wakaisoma wameshika vikombe vya chai. Zile herufi za risasi zilipakiwa kwenye lori la wanunuzi wa vyuma chakavu. Devota alisimama mlangoni akaliangalia lori mpaka likakata kona, kisha akarudi mezani kwake akaendelea na kazi.

Januari 2000 likatoka tangazo jingine. Kufikia tarehe 31 Desemba kila msahihishaji awe anafanya kazi kwenye kompyuta, na asiyeweza atakuwa katika orodha ya pili. Vijana walilichukulia tangazo hilo kwa mzaha. Devota hakucheka. Alisema risasi haikumshinda, hivyo haitamshinda televisheni ya herufi, na ofisi ya uhasibu ilipoziondoa kompyuta zake kuukuu akajinunulia moja ya kujifunzia nyumbani. Aliiweka sebuleni kwake, Chang'ombe ya hapa Dodoma, akaifunika kitambaa cha kufuma cheupe kama anavyofunika redio, na kila jioni baada ya kazi akawa anakaa mbele yake.

Jamani, ile mashine! Ukiiwasha ungeweza kwenda Majengo kununua nyanya, ukasalimiana na watu wote njiani, ukarudi ukaikuta bado inajikohoza. Memori yake ilikuwa ndogo, umeme wa mtaani mdogo, na ndani kulikuwa na mafaili ya uhasibu ambayo hakuna aliyejua yanatafuta nini mle. Tarehe 11 Aprili Devota aliniita. Mimi nina desturi niliyofundishwa tangu enzi za taipureta: fundi haanzi na anachokiona yeye, anaanza na alichosema mwenye mashine, tena kwa maneno yake. Kadi ya kazi ya siku hiyo ninayo mpaka leo. Imeandikwa: Herufi ndogo, hazikubali kukuzwa. Picha haijai kioo, kuna giza pembeni.

Nusu ya kadi ile ilikuwa kweli tupu, na hapo ndipo niliponasa. Mipangilio ya kioo haikuitikia kabisa. Ukifungua lile dirisha la kupanga picha, ukachagua herufi kubwa, ukabofya kukubali, kompyuta inaganda, kile kisaa cha mchanga kinasimama katikati ya kioo, na baada ya dakika kumi mambo yanarudi yalivyokuwa. Nikajua programu ya kadi ya picha imeharibika, kazi ya siku mbili. Hiyo nusu nyingine, ya giza pembeni, sikuiona. Nilipokaa mimi picha ilijaa kioo chote. Nilipima hata kwa rula. Lakini ni Devota aliyesema. Mafundi tuna msemo wetu kwamba mashine humwogopa fundi, akitoka tu inarudia ujeuri wake. Nikaandika kwenye kadi: Giza linakuja na kuondoka.

Nilirudi mara saba. Mei nilizungusha vile vifundo vya upana nyuma ya kioo. Juni nikafuta mafaili ya wahasibu ili ipate kupumua. Julai nikaazima kioo kingine kazini, nikakibeba kwa baiskeli kikiwa kimefungwa kanga ya Devota, na giza likawepo vilevile. Fundi mwenye akili angesimama hapo. Kioo kimebadilishwa, giza lipo palepale. Sasa giza liko wapi? Mimi nikasema ni kadi ya picha, nikaagiza nyingine Dar es Salaam. Kila nilipokwenda alinipa ugali wa uwele na mlenda, akanipa pole kwa kusumbuliwa na kimashine chake. Pole alinipa yeye.

Dalili zilikuwepo kazini pia, na hapa sitajibebesha peke yangu. Kuanzia mwaka ule wa 2000, Devota akaanza kusemwa kwamba ana maringo. Joha wa chumba cha kupanga kurasa alimpita ubavuni koridoni akamwamkia shikamoo, hakujibiwa. Akarudia kesho yake, kimya. Mwanamke ambaye miaka yote ukimsalimia anakuitikia kwanza kwa Kiswahili kisha anakumalizia na mbukwenyi yake, salamu ya Kigogo, leo anapita kama nguzo! Joha alikasirika, akasema ukuu umempanda kichwani, na sisi tuliokuwa mezani tukatikisa vichwa na kuendelea na karanga zetu. Hakuna aliyejiuliza mbona ukimsalimia kwa mbele anaitikia kwa furaha. Septemba kalenda ya wateja ikatoka na makosa mwishoni mwa mistari, jambo ambalo halijawahi kutokea chini ya D.M. Meneja wetu, Bwana Elieza, akaulaumu mtambo. Kinyozi hajinyoi, na sisi tuliokuwa naye kila siku hatukumshikia wembe.

Kadi ya picha ilifika Novemba. Jumamosi ya tarehe 18, asubuhi, niliifunga, nikaingiza programu yake, nikachagua herufi kubwa, nikabofya kukubali. Kompyuta ikaitika pale pale. Nusura niruke. Herufi zilikuwa kubwa kama vifungo vya koti, picha imejaa kioo kutoka ukingo hadi ukingo, nyeupe inang'aa. Nikamwita akae. Alikaa, akaangalia kwa muda, akageuza kichwa kidogo kushoto, kidogo kulia, kisha akaniambia taratibu kwamba herufi zimekuwa nzuri, Mungu anibariki, lakini giza la pembeni lipo.

Nakiri nilikasirika. Miezi saba! Nikachomoa waya ukutani, kioo kikazima, nikachukua ukurasa wa kitabu cha shule aliokuja nao kutoka kazini, nikauweka mbele yake. Nikamwomba ausome. Karatasi haina mipangilio, nilisema, na nilisema kwa ukali. Akasoma kwa ile sauti yake ya usahihishaji, kavu, isiyo na haraka. Alisoma katikati ya kila mstari. Maneno ya mwanzo hakuyasoma na ya mwisho hakuyasoma, na hakujua kama yapo. Alipofika mstari wa nne maana ikawa imepotea, naye hajawahi kuvumilia sentensi isiyo na maana. Akapitisha kidole kwenye mstari kutoka ukingoni, polepole, mpaka pale alipoanza kukiona. Kilitembea njia ndefu kabla ya kuonekana.

Hakulia. Aliinuka akachukua kile kitambaa cheupe akaifunika kompyuta, akaniuliza kama nimeshakunywa chai. Mimi ndiye niliyetoka nje nikaishika baiskeli nisiweze kuipanda.

Jumatatu yake mwanawe Ruthu alimpeleka hospitali ya macho. Daktari alisema ni presha ya macho, ugonjwa usiouma, unaokula pembeni kwanza ukielekea katikati, na mwenyewe hajui mpaka umeshiba. Akasema jicho la kulia limekwisha na la kushoto litatiwa dawa ya matone maisha yote ili kilichobaki kisiende. Ruthu akamuuliza ingekuwaje kama wangefika Aprili. Daktari akajibu kwamba Aprili jicho la kulia pengine lingekuwa bado na kitu cha kuokoa. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilikuwepo, nimesimama karibu na mlango na kofia mkononi, na neno hilo la Aprili nimelala nalo tangu siku ile.

Wapo wanaonong'ona hapa kiwandani kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, kwamba mama alijua akaogopa orodha ya pili. Waache. Devota hakuficha. Alisema waziwazi mara saba kwamba kuna giza pembeni, akamwambia mtu aliyedhani anahusika, na mtu huyo akaandika kwenye kadi akaenda kufungua mashine. Tulimwamini mno kiasi cha kutomsikia. Kosa lilikuwepo, kama alivyosema, nasi tulilitafuta kila mahali isipokuwa kwake, maana nani angethubutu kuyatilia shaka macho ya Devota?

Alipewa kazi za mkono hadi siku ya kuondoka. Katika miezi hiyo aliwafundisha Joha na wenzake wawili kusahihisha kwa sikio: mmoja anasoma kwa sauti pamoja na nukta na mkato, mwingine anafuata kwa macho. Joha alimwomba radhi ya zile shikamoo, kwa kupiga goti hasa, mbele za watu. Siku hizi anamwamkia akiwa amesimama mbele yake, na mbukwenyi imerudi.

Kwa niaba ya menejimenti na wafanyakazi wote tunatoa shukrani kwa Bi. Devota kwa kurasa ambazo hakuna awezaye kuzihesabu. Nusu ya watoto wa mkoa huu wamejifunza kusoma kwenye vitabu vilivyopita mkononi mwake bila kosa. Hatukuwahi kumshukuru, kwa sababu kazi ya msahihishaji ikifanyika vizuri haionekani.

Sasa lile la rasimu. Sikuweza kukubali kitu kumhusu yeye kiende mtamboni bila kupita kwake, hivyo wiki iliyopita nilikwenda Chang'ombe nikamsomea wasifu wote, pamoja na nukta na mkato. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Miaka thelathini na moja aliikataa palepale. Akahesabu kwa vidole akanipa miezi na siku. Habari ya mbuzi akacheka. Sehemu ya Aprili hakuigusa. Mwishoni nilikuwa nimeandika sentensi moja, kwamba Bi. Devota amemsamehe fundi wake kwa moyo mweupe. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema nifute, maana hajasema hivyo. Akasema anaweza akafika huko, anaomba afike, lakini kwa leo hilo si kweli, na lisilo kweli halitiwi sahihi. Nikafuta. Ndipo akaomba penseli. Nikamshika kiganja nikakipeleka kwenye kona ya chini, akaandika D.M., na herufi zikapanda juu ya mstari wa mwisho. Nimewaagiza watu wa mtamboni wasizisogeze.

Bi. Devota, nenda salama nyumbani. Matone usiyasahau, asubuhi na jioni, na ukiwa barazani tutakuja kwa mbele. Maisha yako yawe mema, dada yetu, na mwanga uliobaki ukutoshe. Pale ilipokuwa ile sentensi nimeacha nafasi ya mstari mmoja.

Abbasi Iddy
Fundi wa Mashine